Laini Niliyomwachia

Nilimwachia laini yangu kwa sababu nilimwamini, na pia kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja mtaa wa Huruma, Eldoret, miaka minne, mimi na yeye, kitanda changu upande wa mlango na chake upande wa dirisha, na leso imening'inizwa kwenye kamba katikati kwa siku ambazo mmoja wetu alitaka kulia bila kuulizwa. Mimi nilikuwa nafanya usafi kwenye hoteli moja mjini. Yeye alikuwa anaoka keki kwa jiko la makaa, sufuria ndani ya sufuria, na kuwauzia mafundi wa jua kali vipande vya chai ya saa nne. Nikiwa mgonjwa alinifulia nguo. Akikosa unga nilinunua. Naeleza haya ili ijulikane kwamba aliyenitenda hakuwa mgeni.

Nambari yenyewe nilikuwa nimeipata kwa bahati, kwa mama mmoja aliyekuwa akisajili laini chini ya mwavuli karibu na stendi. Iliishia kwa tarakimu moja iliyojirudia mara nne, na mtu akiisikia hakuisahau tena. Mama yangu, ambaye shuleni hakufika mbali, aliishika siku ileile. Alikuwa anaishi peke yake upande wa Turbo na hakuwa na simu. Kila Jumapili akitoka kanisani alipitia kwa jirani yake, akaomba simu, akabonyeza nambari yangu mwenyewe bila kusaidiwa. Kabla ya kusema lolote alikohoa kwanza, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, kama mtu anayebisha hodi. Mimi nilijua ni yeye kwa kile kikohozi.

Nilipopata kazi ya nyumba huko Ghuba, wanawake waliotangulia walitufunza habari za laini kuliko walivyotufunza habari za kazi. Walisema usipokee simu huko kwa laini ya Kenya, maana kredi itaisha kabla hujaitikia salamu. Ununue laini ya huko, ya kulipia kwanza, na kadi za kukwaruza za kupiga nje. Na ile ya nyumbani usiiache ilale. Ikikaa miezi mingi bila kutumika kampuni huichukua ikauziwa mtu mwingine, halafu watu wako wanakuwa wanampigia mtu wasiyemjua.

Kwa hiyo jioni ya kabla ya safari nilitoa laini yangu kwenye simu nikampa mwenzangu. Aliiweka kwenye nafasi ya pili ya simu yake. Nilimwomba vitu viwili tu: apige nayo hata mara moja kwa mwezi ili isife, na mama akipiga ashike, ampe habari zangu na anipe zake.

"Mama yako akipiga nitashika," alisema, "hata kama mikono yangu iko ndani ya unga."

Nilimwamini.

Huko nilikofika, laini yangu ya kulipia kwanza ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mama mwenye nyumba, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza nimempigia nani. Simu za intaneti zilikuwa zimefungwa nchi nzima. Ijumaa nilipewa saa mbili za kutoka. Nilikwenda kwenye duka la Mhindi mmoja, nikanunua kadi, nikaikwaruza kwa kucha, nikabonyeza tarakimu nyingi mpaka vidole vikachoka, kisha sauti ya mwanamke ikanitangazia dakika zangu. Dakika kumi na nne. Hazikuwahi kufika kumi na nne. Unamwita mtu, mnasalimiana, unauliza, anakujibu, na simu inakatika neno likiwa katikati.

Miezi ya kwanza nilimpigia jirani wa mama, naye akakimbia na simu mpaka kwake. Halafu jirani yule alipoteza simu shambani, na laini ikapotea nayo; mwenzangu ndiye aliyeniambia, akasema mama sasa anaazima simu kwa watu wa kanisani. Kutoka hapo daraja lililobaki lilikuwa mwenzangu. Kila Ijumaa nilimpigia kwenye nambari yangu mwenyewe, na kila Ijumaa aliniambia mama amepiga. Mzima. Anakusalimu. Anasema usibebe vitu vizito. Anasema kuku mweusi ameangua vifaranga tisa. Anasema maharagwe yametoka vizuri mwaka huu, ile mvua ya mawe haikufika kwake. Niliishi kwa maneno hayo. Nikipiga deki sakafu za watu nilikuwa nawahesabu wale vifaranga kichwani, najiuliza mwewe amechukua wangapi.

Hakukuwa na kuku mweusi. Hilo nililijua baada ya miaka miwili na miezi mitatu.

Kandarasi ilipoisha nilimwambia siku ninayofika. Akasema kwa bahati mbaya atakuwa Nakuru na keki ya harusi, tutaonana wiki hiyo. Sikuona ubaya. Nilishuka Nairobi, nikapanda basi, na nilipofika Eldoret sikuingia hata Huruma. Nilikwenda moja kwa moja Turbo na sanduku langu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa jikoni. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani, na mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Aliponiona alitoa sauti, na haikuwa neno. Nilidhani anakohoa kama zamani. Nikasubiri aseme. Hakusema. Alitoa ile sauti tena, machozi yakamtoka kwa jicho moja, na nikaelewa kwamba nilichokuwa nasubiri hakitakuja.

Jirani alikuja, akanishika bega, akanikalisha. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha mama na kumgeuza, miezi tisa, mimi sijui. Aliniambia mambo kwa mpangilio, polepole. Simu yake ilipopotea, mama aliuza mbuzi akanunua simu ndogo ya tochi, kwa sababu alitaka mimi nimpigie bila kupitia kwa watu. Alibonyeza ile nambari, mwenzangu akashika, mama akamwambia: hii ndiyo nambari yangu sasa, mpe mtoto. Mwenzangu akasema sawa. Mama akasubiri Ijumaa moja, ya pili, ya tatu. Akawa anapiga tena, mara mbili kwa siku, mara tatu. Halafu ikafika mahali kila akipiga anaambiwa mteja anatumia simu, iwe asubuhi, iwe mchana.

Nilichukua ile simu ya tochi. Ilikuwa bado imechajiwa, jirani alikuwa anaichaji tu, hakujua kwa nini. Nikaangalia simu zilizopigwa. Ilikuwa nambari yangu, na chini yake nambari yangu, na chini yake tena. Nilishusha mpaka mwisho, hakukuwa na nambari nyingine.

"Siku alipoanguka," jirani alisema, "nilipiga na simu ya kijana wangu, nikiwa hospitalini. Akashika. Nikamwambia mama ameanguka, mwambie mtoto wake. Unajua alinijibu nini? Alisema, mwenye hii simu hataki kusumbuliwa."

Nilimuuliza kama mama alisikia. Akasema simu ilikuwa kwa spika.

Sikulia siku ile. Nilimwogesha mama, nikamkata kucha, nikamlisha uji. Nilipanga. Watu husema hasira ni moto. Yangu ilikuwa baridi kabisa, na ilinipa akili ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baadaye. Kwanza nilitafuta habari zake. Alikuwa ametoka Huruma. Alikuwa na duka la keki Kimumu, oveni ya gesi, wasichana wawili wa kumsaidia. Nilikwenda nikiwa nimejifunga kitambaa kichwani na barakoa usoni, nikapita upande wa pili wa barabara. Juu ya mlango palikuwa na bango la rangi ya waridi, keki ya ghorofa tatu imechorwa, na chini yake, kwa tarakimu kubwa kuliko jina la duka, nambari yangu.

Nilisimama pale nikiisoma kama mtu asiyejua kusoma. Ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa anapiga sana, naye wateja walikuwa wanapiga, na laini ilikuwa moja. Alihitaji mmoja kati ya hao wawili anyamaze. Na kama mimi ningeambiwa mama ameanguka, ningerudi, na nikirudi ningeitaka laini yangu. Kila Ijumaa alinipa vifaranga ili nikae huko.

Niliuliza uliza taratibu. Wateja walimtumia pesa kwa laini yake nyingine, na hilo lilinifurahisha, kwa maana sikutaka hata shilingi yake iingie kwangu akaniitia polisi. Nilitaka kilicho changu tu. Nikachagua siku. Ilikuwa Desemba, mwezi wa harusi, na nilijua kutoka kwa mmoja wa wasichana wake kwamba Jumamosi moja walikuwa na keki nne za kupeleka mahali tofauti. Ijumaa asubuhi, siku moja kabla, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya duka la kampuni ya simu mjini, kitambulisho mkononi.

Msichana wa kaunta aliniuliza laini ilipotea lini. Nikamwambia haikupotea, iko kwa mtu. Akaniomba nitaje nambari zinazopiga sana kwenye laini hiyo. Nilikuwa najua moja tu, ile yangu ya Ghuba, na nikamtajia yote pamoja na msimbo wa nchi. Akaangalia kompyuta, akaangalia picha kwenye kitambulisho, akaniangalia mimi.

"Nikibonyeza hapa, ile nyingine inazima saa hiyohiyo," alisema. "Una uhakika?"

Nilimwambia abonyeze.

Nilipanda bodaboda mpaka Kimumu na laini yangu ndani ya simu. Mbele ya duka lake, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kibanda cha chai. Niliagiza chai na mandazi mawili, nikakaa ninapoona vizuri. Alikuwa ndani, aproni nyeupe, amenenepa kidogo, amependeza. Nilimwona akichukua simu, akiiweka sikioni, akiitoa na kuitazama. Alitoka nje akaiinua juu. Aliizima, akaiwasha. Akatoa laini, akaipuliza, akaifuta kwenye aproni, akairudisha. Alipofanya hivyo mara ya tatu nikamega andazi langu la kwanza. Sijawahi kula mandazi matamu vile.

Kisha simu yangu ikaanza kulia. Mwanaume mmoja aliuliza kama ni pale kwa keki.

"Mwenye hii simu hataki kusumbuliwa," nikasema, nikakata.

Wakapiga wengine. Mama wa bwana harusi. Mwalimu fulani wa shule ya Jumapili. Dereva aliyetumwa kuchukua keki na hajui njia. Wote niliwaambia maneno yaleyale, kwa sauti ileile, bila kuongeza wala kupunguza. Yeye ng'ambo ya barabara alikuwa anakimbia kutoka mlangoni kwenda kaunta na kurudi, anawatuma wasichana wake kuazima simu kwa majirani.

Karibu saa sita akaipiga nambari hiyo mwenyewe, kwa laini yake nyingine. Nilishika. Nikakohoa kwanza, kikohozi kidogo. Nilimwona kupitia dirishani ameshika kaunta.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Aliniuliza niko wapi, nikasema niko karibu. Akaanza kueleza, haraka, kama dakika zake ndizo za kukwaruza. Alisema mwanzoni alisahau tu kunipa nambari ya mama, kulikuwa na oda nyingi. Halafu zikapita wiki, akaona aibu kusema. Halafu mama akawa anapiga kila wakati, wateja wanalalamika hawampati. Alisema alitaka kuniambia habari ya hospitali, kweli alitaka. Lakini ningefanya nini kutoka huko, si ningevunja kandarasi bure tu?

"Wale vifaranga," nikamuuliza, "ulikuwa unawatoa wapi?"

Alianza kulia. Alijipangusa kwa aproni, unga ukabaki shavuni. Akasema alitaka nifurahi. Na pengine ni kweli, ndiyo sababu neno hilo lilinichoma kuliko mengine. Akaniomba nimwachie laini mpaka Jumatatu, Jumatatu tu, apeleke zile keki nne, kisha atanirudishia mwenyewe na kupiga magoti kwa mama.

Nikamwambia laini haijawahi kuwa yake ya kurudisha. Nikakata, nikaifungia nambari yake isiweze kunipigia, vile alivyoifungia ya mama. Nilimwona akijaribu tena. Akasikiliza, akashusha simu. Alikuwa anaambiwa natumia simu. Nikalipa chai yangu nikaenda.

Jioni hiyo, nikiwa kwa mama, nilifungua meseji zote zilizokuwa zimeingia kwenye ile laini, pamoja na sanduku la ujumbe wa sauti. Kwa hakika nilikuwa natafuta kitu kimoja. Nilidhani labda mama aliwahi kuacha sauti yake mahali, kikohozi tu hata. Nilipekua mpaka macho yakauma. Kulikuwa na picha za keki, oda, maombi ya kanisa, salamu za asubuhi zenye maua. Za mama hazikuwepo. Simu zake zote zilikuwa zimegonga ukuta na kuanguka nje.

Nikaendelea kushika simu za wateja wake, wiki tatu nzima. Lazima niseme ukweli kwamba nilikuwa nazingoja. Simu ikikaa kimya nilikuwa naitazama. Jirani aliniambia inatosha, watu hao hawana makosa. Nikamwambia mama naye hakuwa na kosa. Kulikuwa na mzee mmoja, sauti yake nzito ya Kikalenjin, aliyetaka keki ya ubatizo wa mjukuu. Nilipomwambia mwenye simu hataki kusumbuliwa alisema, "Pole mama, sikujua. Mungu akubariki." Huyo aliniharibia siku. Nilitamani kumpigia tena nimwelekeze Kimumu, na nambari yake nilikuwa nayo. Sikumpigia. Aliyefuata nilimwambia vilevile.

Zile keki za Jumamosi, nilisikia baadaye, mbili zilifika zimechelewa, moja haikufika, na bibi harusi mmoja alimtangaza kila mahali. Bango likapakwa rangi upya, na nambari nyingine ndefu isiyoshikika. Msichana mmoja aliachishwa kazi. Mimi nilifanya makusudi kila nikienda mjini nipitie Kimumu, ingawa si njia yangu, ili nione kama oveni bado inawaka. Bado ilikuwa inawaka. Hakufilisika kama nilivyotaka. Alipungua tu.

Mwaka mpya nilimhamishia mama Munyaka, nyumba ya chini isiyo na ngazi, ili niweze kumpeleka kufanya mazoezi ya mkono na mdomo mara mbili kwa wiki. Daktari alisema maneno yanaweza kurudi au yasirudi. Nafanya kazi za usafi tena, asubuhi tu. Mchana namnyoosha vidole kimoja kimoja, na namzungumzia, maana anasikia kila kitu.

Jumapili moja mwezi wa nne, saa kumi hivi, mlango uligongwa. Alikuwa yeye, na boksi mikononi. Sijui nani alimwambia tunapoishi. Hakuniangalia mimi. Alipita kando yangu kana kwamba ni mimi ndiye mgeni, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama, akasema, "Mama, ni mimi. Nimekuja."

Mama alimtazama muda mrefu. Kisha ule mkono wake mzima ukainuka, ukamgusa yule mwanamke kichwani, ukakaa hapo. Mama alimpenda tangu zamani. Enzi za Huruma alikuwa anamletea mayai ya kuokea, akikataa kulipwa. Nilitaka kuutoa ule mkono. Nilikuwa nimemweleza mama kila kitu, jina la kosa na mwenye kosa, tena zaidi ya mara moja, na sikuweza kujua kama alikuwa anasamehe au amesahau, au kama alikuwa anamwambia jambo jingine kabisa.

Nilifungua mlango nikausimamia. Aliinuka. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini kwamba hakuja kuomba laini.

"Usirudi," nikamwambia.

Boksi alikuwa ameliacha juu ya meza. Ndani mlikuwa na keki ndogo ya ndimu, laini, ya mtu asiyeweza kutafuna. Nililibeba nikatoka nalo nyuma, nikawamwagia keki kuku wa mwenye nyumba, nikasimama hapo mpaka walipomaliza. Niliporudi ndani mama alikuwa ameigeukia meza. Aliinua kidole akaonyesha pale boksi lilipokuwa, akatoa sauti. Nikamwambia imeisha. Akaonyesha tena.

Nilikwenda jikoni nikamkorogea uji, nikatia sukari nyingi kuliko siku zote. Hakufungua mdomo.